Mtalii Mweusi wa Magogoni

Juzi, tukisubiri pantoni Magogoni, mgambo alimshika mkono kijana aliyekuwa akipiga picha za bahari.

"Ndugu, nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimetoka Songea, natalii tu."

"Mtalii mweusi? Mimi sinema sikosi, ndugu. Mtalii ni mzungu. Mweusi ni yule anayembebea mizigo. Utaenda kueleza kituoni."

Watu wakacheka. Kijana hakucheka, kamera ilikuwa imeshavuliwa shingoni mwake.

Hatua chache kando, mzungu wa kaptura alikuwa akipiga picha bahari ile ile. "Mbona yule humshiki?" nikauliza.

"Yule mtalii, dada. Au wewe na huyu jasusi mko pamoja?"

Nikafungua mdomo nibishane, kijana akaniwahi. "Basi, afande, nakubali. Mimi ndiye ninayembebea yule mzungu."

"Si ungesema mapema." Akarudishiwa kamera.

Kila siku tunaimba kujitegemea, na bado mtu wetu hawezi kuitazama bahari yake mpaka awe mpagazi wa mtu.

Mgambo alikuwa bado anamwangalia, kwa hiyo kijana akaenda akaliinua begi la mzungu. Mzungu hakushtuka hata kidogo. Alimkabidhi na kofia. Nadhani naye sinema hakosi.