Mboni za Birthe

Saa kumi na mbili asubuhi mjini Skive, Denmark, nje bado giza totoro. Birthe Krogsgaard anavaa miwani yenye kamera ndogo kwenye fremu, anashika kibano na kuanza kupachika waya mwembamba ndani ya kifaa cha kusaidia kusikia.

Kamera hizo zinayafuata macho yake: yanatua wapi, yanasita wapi, mboni zinatanuka kiasi gani. Mboni ikitanuka, kompyuta inasoma kwamba akili inaelemewa. Atakayeonekana kuelemewa atahamishiwa chumba cha kufungasha.

"Kule ni kukunja maboksi," anasema Birthe, mwenye miaka hamsini na minane, aliyekalia meza hii tangu usichana wake. "Sina ugomvi na maboksi. Lakini mimi ni fundi."

Majibu ya kwanza yalimvunja moyo. Mboni zake zilitanuka kuliko za wenzake wote. Ndipo Tove, jirani yake wa mezani, alipogutuka. Karakana hii, majira ya baridi, haiwashi taa za darini kabla ya kahawa ya kwanza. Kila mtu na kitaa chake cha mezani, ndiyo raha ya hapa. Birthe peke yake alipimwa kabla ya kahawa. Na gizani mboni ya mtu yeyote hutanuka.

"Shoga, wewe huna neno, umepimwa gizani tu," Tove alimwambia. "Wangempima paka wangu saa ile wangemstaafisha."

Mtafiti, kijana aitwaye Asger, aliomba radhi na kupima upya, taa zote zikiwaka. Birthe anasema tangu siku hiyo alianza tena kupata usingizi.

Leo majibu yamefika. Asger anavuta kiti, anakaa karibu naye.

"Safari hii taa zilikuwa zinawaka, Birthe."

"Najua."

"Hayajabadilika. Macho yako yanarudi palepale, kama unautafutia waya tundu lake."

Birthe anavua miwani, anaiweka mezani taratibu.

"Nasahau," anasema. "Tangu kiangazi nasahau. Nilidhani nikienda polepole hamtajua."

Inauma kumtazama.

Hapa anayeiacha meza yake ndiye anayeleta keki, na Birthe ameshapanga yake ya Ijumaa.

"Ya tufaha, kama ya mama," anasema, kisha anamgeukia Tove. "Lakini uje jikoni kwangu. Usifanye kitu. Unitazame tu."