Chaki, Mtoto Mweupe wa Malkia

Harufu ya dagaa wakichemka pamoja na pumba za mahindi ndani ya debe huwakera watu wengi. Mie hunirudisha uani kwetu Temeke, enzi za Mwingereza, nikiwa msichana mdogo mwenye gauni lililoshonwa kwa shuka kuukuu, nakoroga chakula cha mbwa kwa mwiko mrefu huku moshi ukinitoa machozi. Tulikuwa watu wa bara. Baba alikuwa karani bandarini. Majirani zetu wengi walikuwa Wazaramo, Waislamu, kwa hiyo mama alihakikisha mbwa hakanyagi upande wa mbele, walikopita watu kwenda kuswali.

Mbwa mwenyewe alikuwa jike, jina lake Malkia. Alikuwa wa aina ile ya mbwa wa Kijerumani wenye masikio yaliyosimama, ingawa Waingereza, kwa kinyongo chao cha vita, walitutaka tuwaite Alsesheni. Alikuwa mweusi tii, kuanzia pua mpaka mkia. Baba alipewa na rafiki yake Bwana Leonadi, fundi cherehani tuliyesali naye kanisa moja. Huyo alikuwa na dume jeusi aliloliita Kaniki, na Kaniki ndiye aliyemzaa Malkia. Walikubaliana kwamba Malkia akizaa, watoto watagawanywa nusu kwa nusu.

Bwana Leonadi alikuwa na elimu yake ya rangi. Mbwa mweusi ndiye mkali, alisema, na mchawi hamwezi. Wa rangi ya majivu ana tumbo bovu. Wa kahawia ni mvivu. Mweupe ni kiziwi, tena mkosi, hafai kuuona usiku wake wa kwanza. Aliyasema haya akishona, pini amezibana mdomoni, na watu wazima wenye akili zao waliitikia kwa vichwa. Wenye maduka waligombea weusi. Basi Malkia alipotaka dume kwa mara ya kwanza, Bwana Leonadi akamleta Kaniki.

"Lakini si baba yake huyu?" mama aliuliza.

"Mbwa hawana ubaba, Mama Vero," akajibu akicheka. "Mweusi kwa mweusi, ndivyo rangi inavyotunzwa."

Vero ni mie.

Malkia alizaa kwenye banda la kuni. Watoto walikuwa weusi kama alivyotaka Bwana Leonadi, lakini wawili walizaliwa na midomo iliyopasuka. Maziwa yaliwatoka puani, wakafa tukiwatazama. Mwingine alikokota miguu ya nyuma, naye hakudumu. Katikati ya waliobaki alikuwemo mmoja mweupe pee, kama aliyemwagiwa unga.

Bwana Leonadi alipokuja kukagua na kumwona yule mweupe, alirudi nyuma. "Huyu ndiye aliyewaua wenzake," akasema. "Leteni ndoo ya maji."

Nilimnyakua yule mtoto nikamficha ndani ya gauni langu, nikasema simtoi. Sikuwa nimewahi kumkatalia mtu mzima. Baba aliniita kwa sauti ya kwanza, kisha kwa ile ya pili iliyokuwa ya kutisha. Mama alikuwa anachambua mchele, na hakuinua hata kichwa.

"Mwacheni," alisema. "Wale wamekufa kwa midomo kupasuka. Huyu kawapasua saa ngapi?"

Nikampa jina Chaki. Macho yalipofumbuka na miguu ikapata nguvu, nikaanza kuupima ule uziwi wake. Niligonga mifuniko ya sufuria nyuma yake, akaruka mpaka jikoni kwenye majivu. Nilinong'ona jina lake nikiwa nyuma ya mlango, akaja mbio. Nikamwita Bwana Leonadi aje ashuhudie. Alishuhudia, kisha akasema nimemfundisha. Hata leo nikikumbuka hucheka kwa hasira: kiziwi kafundishwa kusikia!

Malkia alikuwa bado mbavu nje kwa kunyonyesha alipotaka dume tena. Jumamosi moja asubuhi Bwana Leonadi huyo, kamba mkononi, Kaniki akimvuta. Mama alisimama kwenye mlango wa uani, mikono yote miwili imeshika miimo.

"Karibu wewe, Bwana Leonadi. Mbwa wako abaki nje."

"Mama Vero, haya ni mambo ya wanaume."

"Kuzaa kumekuwa mambo ya wanaume tangu lini?"

Bwana Leonadi akamgeukia baba. "Mkeo anavunja makubaliano yetu. Basi Malkia nitamchukua, ni mbwa wangu."

"Mchukue," mama akasema, "ila upite juu yangu. Malkia anapumzika. Na siku akizaa tena, hatazaa na baba yake, hata baba huyo awe na rangi ya dhahabu."

Nilikwenda kusimama ubavuni mwa mama na Chaki wangu begani. Baba akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Nilidhani atamsogeza mama.

"Umemsikia," akamwambia rafiki yake. "Nenda na Kaniki wako."

Alikwenda, na hakumrudia Malkia, lakini maneno yake yalitutangulia kanisani. Wanawake walijisogeza mbali nasi, wakisema nyumba yetu imefuga mkosi. Mama aliendelea kukaa benchi lilelile la mbele, amefunga kilemba kikubwa kuliko siku zote.

Malkia alipumzika mpaka manyoya yakarudi kung'aa. Kisha mama akamtafutia dume la dereva mmoja wa Chang'ombe, la rangi ya majivu haswa, lisilo na undugu naye. Walizaliwa watoto wa rangi mchanganyiko, wazima wote. Kila aliyekuja kuwataka alihojiwa na mama: atalala wapi, atakula nini, utamfunga mnyororo kutwa? Aliyejibu vibaya aliondoka mikono mitupu, hata kama alikuja na gari.

Nilipokuwa mtu mzima, bwana mifugo mmoja alinieleza kwamba weupe wa Chaki ulitoka kwa Kaniki mwenyewe. Ulijificha katika damu ya baba na katika damu ya binti, na kuwapandisha wao kwa wao ndiko kulikoutoa nje. Nilitamani kumpelekea Bwana Leonadi habari hiyo palepale penye cherehani yake, lakini alikuwa amekwisha kufa. Nikampelekea mama, naye wakati huo keshakuwa bibi kizee.

"Mie hayo sikuyajua," akasema. "Nilikuwa nimezika watoto wawili wachanga, wewe hukumbuki. Wa pili hata arobaini yake haijafika, ndugu wa baba yako wananiuliza mwingine lini. Nikamwona yule mbwa na mbavu zake. Ndugu wale sikuweza kuwajibu. Leonadi nilimuweza."

Miaka yote nilidhani kwamba siku ile nilisimama mlangoni kumtetea mbwa. Kumbe nilikuwa nimesimama kando ya mama yangu bila kujua ninamtetea nani, na nashukuru sikusogea.