Kodi ya Pikipiki ya Mzee Kallio

Rudy Kallio alikuwa bingwa wa kununa. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana huku kwetu Ironwood, mpakani kabisa mwa Michigan, kununa ni kazi ya ziada: ukishapanga kuni za majira ya baridi, unachagua mtu wa kununiana naye mpaka theluji iyeyuke. Rudy yeye alizidisha. Alimnunia kaka yake Wilbert miaka kumi na minane.

Chanzo kilikuwa pikipiki ya marehemu baba yao. Siku ya maziko ya Mzee Kallio, watu wakiwa bado wanakunywa kahawa ukumbini kanisani, Wilbert aliiwasha akavuka nayo daraja, akaenda zake Wisconsin, jimbo jirani alikokuwa akiishi. Hakumwuliza mtu. Rudy akasimama mbele ya waombolezaji, kikombe mkononi, akatangaza kwamba tangu siku ile hana ndugu. Na Rudy akisema kitu amesema. Hata mkewe, mwaka ule alipougua, alipomsihi apatane na Wilbert, Rudy alitikisa kichwa tu.

Mwezi wa Mei Wilbert akaweka tangazo gazetini kwamba anaiuza ile pikipiki. Rudy akapiga simu, akauliza bei kama mgeni, akajibiwa kama mgeni. Akaenda na pikapu yake. Wakaipakia pikipiki bila neno, Wilbert akatia saini hati, akapokea dola zake elfu nne, akasema, "Breki ya nyuma inavuta kidogo." Rudy akasema, "Sawa." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote.

Kesho yake akaenda ofisi ya usajili wa magari. Ukinunua nje ya jimbo, kodi unakuja kuilipa nyumbani; sisi wa mpakani tunalijua hilo na tunalilalamikia tangu utoto. Rudy alikuwa na kitabu chake cha hundi tayari. Kwenye kaunta alikuwepo Darlene Rautio, aliyesoma na ndugu hao wawili shule moja.

"Yesu wangu, ile pikipiki!" Darlene akasema alipoziona karatasi. "Mzee wenu alikuwa akinipita nayo njiani, ninyi wawili mmebanana nyuma yake kama soseji."

"Fanya kazi, Darlene."

"Haya. Asilimia sita ya elfu nne ni mia mbili na arobaini. Lakini ngoja kwanza. Muuzaji ni Wilbert. Ukinunua kwa ndugu yako wa damu, hulipi hata senti."

"Nalipa."

"Wewe? Juzi si umegombana na muuza mayai kwa ajili ya senti hamsini?"

"Nimesema nalipa. Niandikie."

"Siandiki uongo ili wewe upate kununa, Rudy. Nakuuliza kama ninavyomwuliza kila mtu: muuzaji ni nani wako?"

Nyuma yake foleni ilikuwa imeacha hata kukohoa. Rudy akafungua kinywa aseme si mtu wake. 

Badala ya neno zikamjia Jumamosi za zamani, wametoka kuoga mvuke kwenye sauna, nywele mbichi, baba yao anawapeleka ziwani. Wilbert alikaa nyuma kabisa, yeye katikati. Kwenye kona Wilbert alimpigia mayowe sikioni kumtisha, na mvua ikianza alifungua koti lake akamfunika. Harufu ya moshi wa kuni na petroli. Kumbe Rudy hakuitaka pikipiki hata kidogo! Alizitaka Jumamosi zile, akazitamani mpaka kifua kikamuuma, na duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa kuzikumbuka pamoja naye.

"Kaka yangu," akasema.

"Sijasikia."

"Umesikia vizuri sana, mwanamke wewe! Ni kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja. Gonga muhuri wako."

Darlene akagonga, kisha akainama kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

Rudy akatoka hadi kwenye pikapu, akapiga simu kabla ujasiri haujamtoroka.

"Ni breki?" Wilbert akauliza.

"Breki haina neno. Nimetoka kuisajili sasa hivi."

"Wamekukamua ngapi ya kodi?"

"Hawajachukua kitu."

 Wilbert alikuwa amezaliwa Ironwood, akakulia Ironwood. Alijua vizuri nani halipi, na ni lazima aseme nini pale kaunta. Rudy akasikia kiti kikiburutwa, mtu akikaa.

"Umewaambia," Wilbert akasema.

"Nimewaambia."

"Mbele ya watu?"

"Foleni nzima imesikia."

Wilbert akalia, kilio kikubwa cha mzee asiyejali tena nani anamsikia. Rudy alisimama pale kati ya magari, simu sikioni, akamngoja kaka yake amalize.