Majimoto wa Mama

Juzi nilimponda majimoto shingoni, ikatoka ile harufu kali ya ndimu, na hasira ya miaka yote ikanipanda upya.

Unawajua majimoto? Wale wadudu wekundu wanaoshona majani mtini wakafanya kiota. Wakikuuma, unaruka kama uliyemwagiwa chai. Kwetu, karibu na Palma, ndio waliolinda michungwa ya mama. Alikwenda kuwachukua kijiji cha Mute, akawabeba na viota vyao ndani ya mfuko wa mchele. Akafunga kamba ya makumbi kutoka mti hadi mti ili wapite, akawatundikia matumbo ya samaki, akamwaga majivu shinani ili sisimizi weusi wasipande kuwapiga vita. Wadudu wanaofyonza machungwa machanga hawakuthubutu kusogea. Wala mimi, niliyekuwa mwizi kuliko wadudu wote.

Kisha gesi ikapatikana baharini, tukaambiwa tuhame. Akaja ofisa mmoja kutoka kusini, viatu vinang'aa, akawa anahesabu miti yetu ili tulipwe fidia. Mama alimfuata nyuma.

"Na majimoto, sinyori?"

"Formiga? Hao sisimizi?" Ofisa alicheka hadi akashika kiuno. "Mama, hao hawana mwenyewe."

"Mwenyewe mimi."

Akazidi kucheka. Mpaka leo natamani wangemwingia ndani ya suruali.

Siku ya kuhama mama alikata kiota kikubwa, akakitia mfukoni na kukipakata ndani ya lori. Majimoto wakatoka, wakauma watu. Majirani wakapiga kelele, "Watupe hao, Mwanaisha!" Hakuwatupa, ingawa yeye ndiye aliyeumwa zaidi. Nilimkasirikia kuliko majirani, maana mtoto wa mwendawazimu nilikuwa mimi.

Nyumba mpya ilikuwa na kuta za simenti, bati jipya, na uwanja usio na mti hata mmoja. Mama alipanda mche wa mchungwa uliofika gotini, akafunga kamba kutoka dirishani. Majimoto wakaupanda, wakageuka, wakatangatanga juu ya bati la moto. Siku chache baadaye alikuwa akiwafagia, wamekauka, huku analia. Nilidhani mikono bado inamwasha.

Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba alijua tangu mwanzo. Majimoto hawaishi pasipo majani ya kushona. Yeye ndiye aliyenifundisha hilo. Aliwabeba kwa sababu hakukubali kuwaachia katapila.

Watu huniambia, "Lakini si mlilipwa kila mti?" Nami huwauliza, kwa sauti ya mama: na majimoto?