Sehemu ya Cuixia

Hou Cuixia alirudi kijijini kwa baba yake na begi moja, baada ya mume kumwacha. Kule kwa mume hakuwahi kupewa ardhi, maana alipofika mashamba yalikwisha kugawanywa. Huku kwao sehemu yake ilikuwepo, aliyogawiwa angali mtoto, lakini ilihesabiwa katika hati ya ardhi ya nyumba ya baba, na kaka yake Changgen alikwisha kuipanda miti ya peasi. Sheria inasema sehemu ni yake. Sawa, lakini sheria haikai kijijini. Mwanamke mzima, nywele zimeanza mvi, hana pa kuchomeka hata kitunguu saumu!

Ardhi ni ya kijiji kizima, hivyo wakuu wa nyumba wakaitwa kuamua. Changgen hakungoja watu wakae.

"Dada, kwani nimekunyima tambi?"

"Sijaomba tambi."

"Binti akishaolewa ni maji yaliyomwagika. Hayazoleki!"

"Mbona maji hayohayo yanakufulia soksi?" mama mmoja akamdakia, watu wakaangua kicheko.

Cuixia hakucheka. Tangu aachwe, maneno mazuri na mabaya yalimpitia tu. Hakusikia uchungu, na hilo ndilo lililomtisha kidogo.

Mwenyekiti akaita wanaotaka arudishiwe. Mikono ikainuka, mingi kuliko alivyotarajia. Kisha akaita wanaopinga, mikono ikawa sawa kwa sawa. Aliyebaki ni baba yake, mkuu wa nyumba yao, aliyeketi ubavuni pake.

Mzee Hou akaanza kuinua mkono. Bega lake bovu. Mkono ulifika kifuani ukakwama.

"Mzee, unapinga au unajikuna?" mwenyekiti akauliza. "Inua tuone!"

Cuixia akafanya kama anavyofanya kila asubuhi akimvalisha koti: akamshika kiwiko, akakipandisha taratibu mpaka juu. Ndipo akatambua ameinua nini. Hakukiachia, kwa kuwa mzee angeumia.

"Nalala kwa kaka yako, mwanangu," mzee akanong'ona bila kumtazama. "Yeye ndiye atakayenizika."

"Najua, baba. Usiushushe kwanza, bado wanahesabu."