Meno Yangu ya Plastiki

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu niliamini kwamba nilizaliwa na meno ya plastiki. Sisemi meno ya kununua. Nasema ya kuota yenyewe ndani ya ufizi, kama viazi. Kwetu Kibondo jambo hili lilijulikana kuliko jina la diwani. Mtoto mchanga akipata homa, akaharisha, akakataa ziwa, watu wazima walimfunua mdomo, wakampapasa ufizi, wakaguna: ameota plastiki. Na plastiki hiyo ilitoka wapi? Kwenye maturubai ya kambi za wakimbizi. Mwanamke akipita chini ya turubai mimba ikiwa changa, kivuli chake kinamwingia, kinaenda kukaa kwenye ufizi wa mtoto. Mama yangu aliuza ndizi katika kambi ya Mtendeli enzi hizo akiwa na mimba yetu. Alipita chini ya maturubai mengi kiasi kwamba ni ajabu sikuzaliwa nikiwa hema zima, na kamba zake.

Nimesema mimba yetu. Tulikuwa wawili, mimi na pacha wangu wa kike. Maneno ya mama juu ya jambo hilo hayakubadilika hata siku moja: "Wewe uliwahiwa, mwenzio akachelewa." Bibi mmoja wa Nyakitonto, upande wa Kasulu, alinitoa plastiki kwa spoku, ule waya wa gurudumu la baiskeli, nikapona. Kwa pacha wangu sumu ilikuwa imeshapanda kichwani. Ndiyo maana chini, pale zinapokaa chonge, yale meno yaliyochongoka ya pembeni, mimi nina mapengo mawili. Nikitamka neno lenye s upepo unapita hapo na kutoa mluzi mwembamba. Utotoni nikisema "sisi", mama aliacha anachofanya akasikiliza.

"Anaitika," alisema, akarudi kwenye sufuria.

Hakuacha kutuita wawili. "Njooni mle." "Mmenawa?" Wageni walitazama nyuma yangu kumtafuta wa pili. Hapakuwa na mtu, ila mara nyingi nilijikuta nimesogea pembeni ya mkeka bila kuamua, kama mtu anayempisha mwenzake.

Ukilelewa hivyo, ama utayaogopa meno, ama utayasomea. Mimi niliamua kuyasomea. Shule ya kawaida ilinishinda mapema kwa sababu za kawaida, basi nikasoma masomo ya jioni. Mchana nilikuwa kwenye mashine ya kusaga, jioni darasani, kichwa cheupe kwa unga hadi mwalimu mgeni akaniamkia shikamoo. Niliitikia marahaba. Nilisoma biolojia mpaka vyura wa Kibondo wakawa wananikimbia kwa kunijua sura. Matokeo yalipotoka yalikuwa mazuri, lakini nafasi za udaktari wa meno hapa nchini ni chache na wanaozitaka ni wengi kama kumbikumbi. Ndipo nikaomba chuo kimoja cha Uganda, kama mwanafunzi wa kimataifa.

Neno hilo liliniponza. Mtaa mzima ukaanza kuniita Kimataifa. Jirani yetu, mama mmoja ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi, alicheka mpaka akakaa chini.

"Kimataifa na mashine ya kusaga," alisema. "Sisi tulikuwa wa kimataifa kwa miguu, godoro kichwani, na hakuna aliyetufanyia usaili."

Kwenye maombi walitaka insha fupi: kwa nini unataka kuwa daktari wa meno? Wenzangu nadhani waliandika kuhusu kuhudumia jamii. Mimi niliandika kuhusu bibi wa Nyakitonto. Nilimwita daktari wangu wa kwanza wa meno, nikaeleza alivyoniokoa na plastiki, na jinsi pacha wangu alivyochelewa. Mwishoni niliahidi kuendeleza kazi yake kwa vifaa vya kisasa. Insha ile niliipenda sana. Niliisomea hata mashine ya kusaga.

Chuo kikajibu kwamba nitahojiwa kwa video. Kibondo mtandao huja kama mgeni wa harusi, kwa kuchelewa na kwa kelele, kwa hiyo nilipanga kwenda Kasulu, kwenye duka la mzee mmoja mwenye kompyuta. Jioni ya kuamkia safari, mtoto wa dada yangu, ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni, alishikwa na homa na kuharisha. Mama alimfunua mdomo. Akaguna ule mguno.

"Pitia Nyakitonto," akaniambia. "Mwambie bibi Ijumaa tunamletea mtoto."

"Mama," dada akasema, "nesi amesema nimrudishe kliniki hali ikizidi."

"Nesi hajazika wa kwake."

Dada akanitazama mimi, msomi wa nyumba. "Kaka, wewe unasemaje?"

Nikasema Ijumaa ni mbali, lakini si mbali sana. Nikamwonyesha mapengo yangu, nikacheka. Nilikuwa ushahidi unaotembea.

Bibi wa Nyakitonto nilimkuta anaanika maharage uani. Macho yamepungua nuru, lakini vidole bado. Nilipojitaja na kumpa ujumbe wa mama, akaniambia niiname, akaingiza kidole mdomoni mwangu bila kuomba ruhusa, akapapasa pengo la kulia, kisha la kushoto, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba aliyoijenga mwenyewe.

"Hapa ndipo," alisema. "Hata mwenzio nilimfanya vizuri hivi hivi. Yule alikuwa mtulivu."

Nilidhani amechanganya watu. "Bibi, mwenzangu si alichelewa?"

"Nani alichelewa? Mama yenu aliwaleta pamoja, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Wewe ulikuwa unapiga kelele kama bata, nikasema ngoja nianze na binti. Ukafuata wewe."

"Kwa spoku hiyo hiyo?"

"Ya baiskeli ya marehemu. Sina nyingine." Akaitoa kwenye fundo la shuka aliyojifunga, akaifuta kwa pindo la shuka hiyo hiyo ili niione. "Mlete huyo mjukuu. Ijumaa nipo."

Nikasema haya, bibi. Nikaondoka na ahadi ya Ijumaa kama nilivyotumwa.

Njia nzima ya kwenda Kasulu mluzi haukuniacha. Sikuwa nimefungua mdomo, ila niliusikia. Nilijaribu kuipanga upya hadithi, na haikupangika: kama alitangulia yeye, basi alichelewa nini? Jua lilikuwa kali, mahindi yamesimama pande zote mbili za barabara, na nilikuwa nahisi uzito mwepesi mgongoni, wa mtu asiyesema. Nikamsogelea dereva wa bodaboda.

"Kaa vizuri, kaka," akasema. "Mbona unanibana hivyo, kwani tuko watatu?"

Nikajisogeza nyuma kidogo.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye asili ya pwani, mpole, anayeuza kanzu, daftari na kupiga fotokopi. Alirudisha mlango nusu ili kelele za barabarani zipungue, akaninyoosha kola.

"Mikono juu ya meza, kijana wangu. Usicheke sana. Wewe unacheka kama umelipwa."

Kwenye kioo walitokea wawili, mwanamume mwenye makaratasi na mama mmoja mtu mzima, daktari na mwalimu wa meno. Tulizungumza Kiingereza. Niliulizwa ya kemia, nikajibu. Ya nidhamu, nikajipamba mpaka mwenye duka akakohoa. Halafu yule mwanamume akasema kuna mluzi kwenye laini.

"Si laini," nikasema. "Ni mimi."

Yule mama akasogeza uso. Akaniomba nifungue mdomo nivute mdomo wa chini. Nikafanya hivyo mbele ya kompyuta ya watu, kama ng'ombe mnadani. Akatazama kwa muda. Kisha akaokota karatasi, nikaitambua insha yangu kwa urefu wake, na akaacha Kiingereza. Kiswahili chake kilikuwa kinakwenda polepole, kinachagua pa kukanyaga.

"Hii uliyoandika hapa, unaiamini?"

"Ndiyo, daktari."

"Na sasa hivi, nyumbani kwenu kuna mtoto mdogo?"

Sijui alijuaje. Labda watu wa kazi hiyo huuliza wote. Nikamwambia yupo, wa dada yangu, na anaharisha, na Ijumaa anapelekwa Nyakitonto.

"Mpigie dada yako sasa," akasema. "Sisi tutasubiri."

Nilipiga mbele yao. Dada hakuuliza kwa nini; nadhani alikuwa anangoja mtu yeyote amwambie. Nilimsikia akimfunga mtoto mgongoni na mama akiuliza mnaenda wapi, kisha mlango. Mtoto alilazwa, akawekewa maji, akarudi nyumbani. Leo ana chonge zote, na ameshaniuma nazo. Nafasi ya chuo nayo ilikuja, baada ya wiki za kunikondesha. Lakini hayo yalikuwa bado. Siku ile nilikata simu nikarudi kwenye kioo, na badala ya kuwauliza watu wazima wale kuhusu ada au mabweni, kama wanavyofanya waombaji wenye akili, niliuliza swali lililokuwa limenikalia mgongoni tangu Nyakitonto.

"Daktari, bibi anasema pacha wangu alitangulia. Mama anasema alichelewa. Yupi anasema kweli?"

Yule mwanamume akainamisha macho kwenye makaratasi. Mwenye duka akaacha kupanga daftari. Mama yule alivua miwani, na alipozungumza hakupandisha wala kushusha sauti.

"Hakuna meno ya plastiki, mwanangu. Hayapo kwenu, na kwetu pia hayapo, ingawa kwetu wanayaita meno ya uongo. Kile cheupe walichokuonyesheni ni chonge ya mtoto kabla haijakomaa. Wewe ulitolewa meno yako mwenyewe ukapona, kwa bahati. Pacha wako hakuchelewa. Alikuwa anaharisha, alihitaji maji. Wakamtoboa ufizi kwa chuma kichafu, na kidonda ndicho kilichomuua."