Mfuko Mmoja, Wagonjwa Wawili

Mjukuu wangu wa kike, tunayemwita Kidole, alianza kubonyeza vitu kabla hajaota meno. Redio ya babu yake aliibonyeza mpaka ikasema lugha isiyopata kuzungumzwa na binadamu, na mimi nilikuwepo. Alipokua, zahanati ya mtaani ikamwita aitengenezee fomu za wagonjwa za kujazwa kwenye kompyuta. Kazi hiyo ndiyo iliyomkondesha.

Alinieleza siku moja nikimenya viazi. Seva, ile kompyuta kuu inayopokea fomu, alisema, ni sahaulifu kunishinda mimi: ukigeuza ukurasa tu, haikujui. Kwa hiyo kila anayeingia hushonewa kimfuko, wao wanakiita sesheni, na humo Kidole aliweka namba ya mgonjwa anayeshughulikiwa. Fomu ikiletwa, seva inachungulia mfukoni ijue maandishi ni ya nani. Nikamwuliza, wakija wawili je? Akaniambia nimenye viazi.

Asichokijua wakati ule ni namna muuguzi mkuu anavyofanya kazi. Mama yule ana mikono miwili inayofanya kazi ya minane. Foleni ikirefuka hufungua wagonjwa wawili watatu kwa mpigo, kila mmoja na ukurasa wake, kwenye kompyuta ileile. Huyu akienda kupimwa, yule anaandikwa.

Jumatatu moja asubuhi Kidole alikwenda kubadilisha rangi ya kitufe, akawa amesimama nyuma ya muuguzi. Muuguzi akamfungua seremala, akamfungua muuza mikate, kisha akarudi ukurasa wa seremala akaandika kwamba penisilini humbana pumzi. Akahifadhi. Jina la seremala lilikuwa palepale juu ya skrini, limetulia kama mtu asiye na hatia. Lakini mfuko wa muuguzi ni mmoja kwa kurasa zote, na humo alikuwa ameshaingia muuza mikate.

Kidole akaomba aonyeshwe faili la seremala. Tupu. La muuza mikate: onyo lote limo humo.

"Seremala yuko wapi, mama?"

"Chumba cha sindano. Kidonda chake kimetunga usaha."

Yeye anasema alikimbia. Mimi nasema alipaa, maana kandambili zake zilibaki mlangoni zikiwa bado na joto. Daktari alikuwa ameshainua sindano ya penisilini. Kidole akamdaka mkono.

"Binti," seremala akasema, "kama hutaki nidungwe ungesema tu. Hata mimi sitaki."

Alicheka peke yake.

Kurekebisha kulichukua muda wa chai kupoa. Sasa namba ya mgonjwa imo ndani ya kila fomu, na seva huikagua kwanza kabla ya kuikubali. Lakini fomu zile zilikuwa zimetumika miezi mitatu. Kidole akamwuliza muuguzi ni siku zipi alizofungua wagonjwa wawili kwa pamoja.

Muuguzi akatazama foleni. "Kila siku, mwanangu."

Na seva haikuweka popote kumbukumbu ya ukurasa ulioleta maneno. Onyo la nani limelala kwa nani, hakuna ajuaye. Kwa hiyo wanapiga simu, mmoja baada ya mwingine, wagonjwa mia nne, wakiuliza kila mtu ni dawa gani humdhuru. Wengi hujibu. Wengine humtania Kidole kwamba ni dawa ya mapenzi.

Jana walimfikia wa themanini na tatu. Aliyepokea hakuwa mwenye simu. Aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa, zahanati inataka nini tena, baada ya ile sindano na mazishi.